Hundi imeingia benki, fedha ziko wapi?

Ifuatayo ni nakala ya makala yetu ya maisha ya ughaibuni kama ilivyosomwa hewani. Wiki hii tunaeleza kwa nini benki za Marekani hushikilia fedha za hundi uliyoweka, na jinsi ada za ovadrafti zinavyozaliwa katika siku hizo chache za kusubiri.

Mpenzi msikilizaji, dada mmoja anayesoma katika jimbo la Ohio alituandikia akiuliza swali moja tu: "Je, benki inaweza kunidai fedha ambazo yenyewe iliniambia zipo?"

Jibu ni ndiyo, inaweza. Maelezo ya jibu hilo ni marefu kidogo, nayo yanamhusu kila mmoja wetu anayepokea hundi nchini Marekani na kutegemewa na watu nyumbani.

Kisa chake ni hiki. Alipata kazi kwa njia ya mtandao, kazi ya kumsaidia mtu mwenye shughuli nyingi kufanya manunuzi ya ofisi. Mwajiri huyo hakuwahi kumwona kwa macho. Baada ya siku chache ililetwa kwa posta hundi ya dola 2,400, pamoja na maagizo: jiwekee dola 500 ziwe ujira wako, na zile 1,900 zitume kwa muuza vifaa. Katika akaunti yake alikuwa na dola 310. Alikwenda benki siku ya Jumatatu, akaiweka hundi. Jumatano alitazama akaunti yake kwa simu, akaona salio la dola 2,710. Kwa kuwa ni mtu mwangalifu, alirudi benki akamwuliza keshia kama hundi ile imepita. Keshia akatazama kompyuta yake akasema: ndiyo, fedha zipo, unaweza kuzitumia.

Akazituma zile 1,900. Siku ya kumi na moja hundi ilirudi kwa kuwa ilikuwa ya kughushi. Benki ikaondoa dola 2,400 zote katika akaunti iliyobaki na dola 810, ikaongeza dola 12 za ada ya hundi iliyorudi, na asubuhi hiyo mwanafunzi huyu akaamka akiwa na deni la dola 1,602.

Keshia hakusema uongo. Alijibu swali jingine. Dada yetu aliuliza kama hundi imelipwa, naye akajibiwa kwamba fedha zimeruhusiwa kutumika. Katika mazungumzo yetu ya kawaida mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Katika sheria ya benki za Marekani ni vitu viwili vilivyo mbalimbali kabisa, na kati yake panaweza kupita wiki kadhaa.

Ahadi, wala si fedha

Neno lenyewe hundi tumelipata kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kwa karne nyingi walitumia karatasi za jina hilo katika biashara ya Bahari ya Hindi. Mfanyabiashara wa Unguja au Mombasa aliyeshika hundi hakudhani kwamba ameshika fedha. Alijua ameshika ahadi ya mtu aliye mbali, na thamani ya ahadi ile ilikuwa ni sifa ya yule aliyeiandika. Nadhani wazee wale walielewa jambo hili kuliko sisi tunaotazama tarakimu kwenye simu.

Unapoweka hundi katika benki yako, benki hiyo haina habari kama mwandishi wa hundi ana fedha au hana. Inabidi hundi, au siku hizi picha yake, ipelekwe kwa benki ya mwandishi, na benki ile ikubali kulipa au ikatae. Zamani karatasi zenyewe zilisafirishwa kwa magari na ndege usiku kucha. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, ndege zilipozuiwa kuruka, hundi nyingi zilikwama viwanjani, na hilo liliwasukuma wabunge kupitisha sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2004, inayoruhusu picha ya hundi kushika nafasi ya karatasi. Tangu hapo safari ya hundi imekuwa fupi mno. Lakini kuitambua hundi ya bandia bado ni kazi ya siku nyingi, hasa ikiwa imeandikwa kwa jina la kampuni halisi na nambari ya akaunti halisi, kwa sababu mwenye akaunti hiyo anaweza kuchelewa kutambua kwamba ameibiwa.

Basi katika siku hizo benki yako inafanya nini? Inakushikia fedha. Na hapa ndipo sheria inapoingia.

Sheria inasemaje

Katika miaka ya 1980 malalamiko yalikuwa makubwa kwamba benki zilikaa na fedha za wateja kwa muda zilioutaka zenyewe. Mwaka 1987 Baraza la Kongresi lilipitisha sheria ya kuharakisha upatikanaji wa fedha, na Benki Kuu ya Marekani ikaitungia kanuni inayojulikana hadi leo kama Kanuni CC. Kanuni hiyo ilianza kazi Septemba 1988, nayo huweka ukomo wa siku ambazo benki inaweza kushikilia fedha.

Fedha taslimu unazompa keshia mkononi, mshahara unaoingizwa moja kwa moja katika akaunti kwa njia ya elektroniki, na fedha zinazotumwa kutoka benki hadi benki, zote sharti ziweze kutumika si zaidi ya siku ya kazi inayofuata. Ndivyo ilivyo pia kwa hundi ya hazina ya serikali iliyoandikwa kwa jina lako. Hawala ya posta ya Marekani na hundi inayotolewa na benki kwa jina la benki yenyewe hupata haki hiyo ukiziweka kwa mkono wako mbele ya keshia.

Hundi ya kawaida ina utaratibu wake. Tangu Julai 2025, dola 275 za mwanzo za hundi ulizoweka siku hiyo sharti zipatikane siku ya kazi inayofuata. Kiasi hicho kilikuwa dola 100 tu kabla ya mwaka 2011, na sasa hurekebishwa kila baada ya miaka mitano. Zilizobaki, kwa kawaida, zipatikane siku ya pili ya kazi. Ukiiweka hundi katika mashine ya benki nyingine, inaweza kufika siku ya tano.

Nimesema siku ya kazi, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Jumamosi si siku ya kazi hata kama mlango wa tawi uko wazi na keshia anakuhudumia kwa tabasamu. Tena benki ina ruhusa ya kuweka saa ya mwisho, ambayo katika tawi haiwezi kuwa kabla ya saa nane mchana, na katika mashine haiwezi kuwa kabla ya saa sita. Hundi unayoiweka Ijumaa saa kumi jioni inaweza kuhesabiwa kuwa ya Jumatatu, na siku ya pili ya kazi kwa hesabu hiyo ni Jumatano. Wewe umehesabu Jumapili.

Halafu kuna hali ambapo benki inaruhusiwa kukaa na fedha muda mrefu zaidi, mara nyingi hadi siku ya saba ya kazi. Ni pale hundi za siku moja zinapozidi dola 6,725, kwa kile kilichozidi. Ni pale hundi iliyokwisha kurudi mara moja inapowekwa tena, au benki ina sababu ya msingi ya kushuku kwamba haitalipwa, au kumetokea dharura. Na ni pale mteja alipokuwa na salio la chini ya sifuri kwa siku sita au zaidi katika miezi sita iliyopita. Msikilizaji na alipime hilo la mwisho. Fedha zako hushikiliwa, kwa sababu hiyo unaingia katika deni, na kwa kuwa umeingia katika deni mara kwa mara, fedha zako zijazo hushikiliwa zaidi.

Akaunti mpya, yaani iliyo chini ya siku 30, ni mlango mwingine kabisa. Kwa hundi za kawaida katika siku hizo 30, kanuni haiilazimishi benki kufuata ratiba niliyoitaja. Mgeni aliyefika juzi, mkimbizi wa Kongo aliyehamishiwa hapa na familia yake, mwanafunzi, muuguzi aliyeajiriwa kutoka Nairobi, wote hukutana na benki ya Marekani kwa mara ya kwanza wakiwa katika siku hizo hizo 30.

Yaliyonipata mimi

Niliwasili Washington msimu wa mapukutiko mwaka 2009, nikafungua akaunti katika benki iliyokuwa karibu na ofisi. Jina lake silitaji. Wiki ya pili mwajiri alinipa hundi ya dola 1,180 ya gharama za kuhamia. Niliiweka Ijumaa adhuhuri. Tayari nilikuwa na dola 640, kwa hiyo kwa hesabu yangu nilikuwa na dola 1,820. Jioni ile nilimwandikia mwenye nyumba hundi ya kodi, dola 850. Jumamosi na Jumapili nilitumia kadi mara nne: kahawa ya dola 3 na senti 40, nauli ya treni dola 20, chakula cha dola 27 na senti 15, na kadi ya simu ya dola 10 ya kupigia Mombasa. Nilipiga simu nyumbani kwa furaha, nikamwambia mdogo wangu kwamba ada yake ya chuo nitaituma Jumatano.

Jumatano nilifungua barua ya benki, nikakuta nimetozwa dola 35 mara tano. Dola 175. Kahawa ile ilinigharimu dola 38 na senti 40.

Nilidhani ni kosa la kompyuta, nikaenda tawini nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Meneja alikuwa mama mmoja mpole sana, akanionyesha kijitabu nilichopewa siku ya kufungua akaunti, kile ambacho sikukifungua. Hundi yangu ya dola 1,180 ilikuwa bado imeshikiliwa kwa kuwa akaunti ilikuwa changa. Kwa hiyo nilikuwa na dola 640 tu. Hayo niliyaelewa. Lakini nikamwuliza: matumizi yangu manne ya kadi jumla yake ni dola 60 na senti 55, na niliyafanya kwa fedha zilizokuwapo, iweje yote manne yatozwe ada?

Jibu lake sijalisahau. Benki haikupanga malipo kwa mfuatano wa saa. Jumatatu usiku ilipofunga hesabu ilianza na kubwa kuliko yote. Kodi ya dola 850 ilitangulia, ikaibomoa akaunti hadi chini ya sifuri kwa dola 210, na ndipo vile vidogo vinne vikafuata kimoja kimoja, kila kimoja kikikuta akaunti iko chini na kutozwa dola 35. Kama vidogo vingetangulia, kama vilivyotangulia kweli, ingekosa fedha kodi peke yake, na ada ingekuwa moja. Mpango wa kuhesabu, si matumizi yangu, ndio ulionigharimu dola 140.

Meneja alinirudishia ada tatu. Kwa zile mbili nilishukuru na kukasirika kwa pamoja. Ada ya chuo ilichelewa wiki mbili, na mdogo wangu alilipishwa faini ya kuchelewa kujiandikisha. Hadi leo, tukitaniana, ananiita Bwana Kahawa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba sikuwa peke yangu. Agosti 2010 Jaji William Alsup wa mahakama ya shirikisho huko California aliiamuru benki ya Wells Fargo iwarudishie wateja wa jimbo hilo dola milioni 203 kwa sababu ya utaratibu huo wa kuanza na malipo makubwa. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Miami, Bank of America ilikubali kulipa dola milioni 410. Benki nyingi zimeuacha utaratibu huo tangu wakati huo, ingawa hakuna sheria moja ya shirikisho inayolazimisha malipo yahesabiwe kwa mfuatano wa saa.

Ovadrafti ni mkopo

Ovadrafti, mpenzi msikilizaji, ni benki kukulipia kisichokuwapo. Si jambo geni kwetu. Wakenya wanaijua Fuliza, ambayo Safaricom iliianzisha Januari 2019, inayomruhusu mteja wa M-Pesa kukamilisha malipo hata salio likipungua. Tofauti iko katika bei. Ada ya Marekani kwa kawaida haitazami ulikopa kiasi gani wala kwa siku ngapi. Mwaka 2014 ofisi ya serikali inayowalinda wateja wa huduma za fedha, ijulikanayo kwa herufi CFPB, iliona kwamba nyingi ya ada za ovadrafti ya kadi zilitokana na manunuzi ya dola 24 au chini ya hapo, na kwamba wateja wengi walirudisha fedha katika siku tatu. Ada ya kawaida wakati huo ilikuwa dola 34. Ukiihesabu kama riba ya mwaka mzima inazidi asilimia 17,000. Mkopeshaji wa mtaani angeona haya.

Tena mzigo huu haubebwi na wote sawasawa. Uchunguzi wa ofisi hiyo hiyo uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba asilimia 9 ya akaunti ndizo zilizolipa asilimia 79 ya ada zote za ovadrafti na za malipo yaliyokataliwa. Wenye akaunti hizo si watu wenye nafasi.

Tangu Julai 2010 kwa akaunti mpya, na Agosti mwaka huo kwa zile za zamani, benki haiwezi kukutoza ada ya ovadrafti kwa kununua kwa kadi dukani au kutoa fedha katika mashine mpaka uwe umekubali mwenyewe mpango huo. Usipokubali, kadi inakataliwa tu, aibu inapita, na hakuna ada. Kwa bahati mbaya, swali hilo huulizwa siku ya kufungua akaunti, katikati ya karatasi kumi, na mara nyingi huulizwa kwa namna ya kupendeza: ungependa kulindwa? Nani asiyependa kulindwa? Wengi hutia saini. Ridhaa hiyo unaweza kuiondoa siku yoyote, kwa simu au tawini, wala huhitaji kueleza sababu.

Lakini kanuni hiyo haihusu hundi ulizoandika wala malipo yanayojirudia kila mwezi, kama vile bima ya gari. Hayo yanaweza kukuletea ada hata kama hukukubali lolote.

Benki kadhaa zimebadilika zenyewe. Capital One na Citibank ziliziondoa ada hizo mwaka 2022, na mwaka huo huo Bank of America iliipunguza yake kutoka dola 35 hadi 10. Mapato ya benki kutokana na ada hizi na zile za malipo yaliyokataliwa yalishuka kutoka karibu dola bilioni 12 mwaka 2019 hadi bilioni 5.8 mwaka 2023. Desemba 2024 CFPB ilitangaza kanuni ya kuziwekea benki kubwa kikomo, na dola 5 ndiyo ingekuwa ada ya kawaida. Kongresi iliifuta kabla haijaanza kazi, na Rais Donald Trump akatia saini hatua hiyo Mei 2025. Kwa hiyo kila benki ina bei yake, na ziko ambazo bado hutoza karibu dola 35.

La kuuliza dirishani

Turudi kwenye swali la Ohio. Ukiweka hundi kwa keshia, usiulize kama fedha zipo. Uliza mambo mawili, na uyatenganishe: ni tarehe gani fedha hizi zitaruhusiwa kutumika, na je, benki iliyoandikiwa hundi hii imekwisha kuilipa? Swali la pili keshia mara nyingi hatakuwa na jibu lake, na kule kukosa jibu ndiko jibu. Kanuni CC yenyewe inasema kwamba benki kukuruhusu utumie fedha hakuiondolei haki ya kuzidai hundi ikirudi. Ndiyo maana Tume ya Biashara ya Marekani imekuwa ikionya kwamba hundi ya bandia inaweza kuchukua wiki kadhaa kugundulika. Mtu usiyemjua akikupa hundi na kukutaka urudishe sehemu yake, kwa sababu yoyote ile, iwe ni mshahara, kodi ya nyumba, au gari unaloliuza, huyo hataki urafiki. Anataka fedha zako halisi kwa karatasi yake.

Benki ikiamua kukushikia fedha kwa moja ya sababu nilizotaja, inawajibika kukupa taarifa ya maandishi yenye sababu na siku zitakapopatikana. Iombe. Iwapo ilizishika kwa kushuku hundi bila kukupa taarifa wakati wa kuiweka, ukaingia katika ovadrafti kwa sababu hiyo peke yake, kisha hundi ikalipwa, una haki ya kutotozwa ada hizo, au kurudishiwa ukiomba. Neno ni ukiomba. Watu wetu tumefunzwa heshima, tunaona kubishana na benki ni utovu wa adabu. Mimi nilirudishiwa ada tatu kwa kuuliza tu, nikiwa mgeni asiyejua hata kanuni inaitwaje.

Mshahara, ikiwezekana, uingizwe moja kwa moja katika akaunti. Mwezi wa kwanza wa akaunti mpya usiandikie hundi fedha ambazo nazo zimetokana na hundi. Anayeogopa ada aulize akaunti zenye cheti cha Bank On. Hizo hazina ada ya ovadrafti, na gharama yake ya mwezi haizidi dola 5 kama haina masharti ya kuiondoa. Kuhusu hundi unazoweka kwa kuzipiga picha kwa simu, soma mkataba, maana hapo benki nyingi hujiwekea siku na viwango vyao.

Wasikilizaji wetu walioko Uingereza watashangaa kwa nini haya yote. Huko tangu Novemba 2007 wateja walihakikishiwa kwamba mwisho wa siku ya sita ya kazi fedha za hundi ni zao, haziwezi kudaiwa tena ila kama wao wenyewe walishiriki udanganyifu. Na tangu mfumo wa picha ulipokamilika mwaka 2019, hundi hujulikana imelipwa au imekataliwa kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha. Ada za mkupuo za ovadrafti nazo zilipigwa marufuku huko Aprili 2020, ikabaki riba, ambayo katika benki nyingi ilipanda hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka. Marekani haina siku kama hiyo ya kumwambia mteja: sasa lala usingizi.

Na deni likishaingia, je? Kosa kubwa ni kukaa kimya na kufungua akaunti kwingine. Akaunti yenye deni kwa kawaida hufungwa ndani ya miezi miwili hivi, na jina la mwenyewe hupelekwa kwa kampuni iitwayo ChexSystems, ambako benki nyingine hutazama kabla ya kumpokea mteja. Taarifa hiyo inaweza kukaa miaka mitano. Katika miaka hiyo mtu huishia kubadilisha hundi zake za mshahara katika maduka yanayokata sehemu ya kila hundi.

Dada yetu wa Ohio aliliepuka hilo. Kabla mwezi haujaisha alikwenda benki na karatasi zote, barua za yule mwajiri wa uongo zikiwemo, pamoja na nakala ya taarifa aliyoiandikisha polisi. Benki haikumsamehe deni, na kisheria haikulazimika. Ilikubali alipe dola 75 kila mwezi, na akaunti yake haikufungwa.